Tenti Iliyofungwa kwa Chai

Kwa miaka mingi nilifunga kamba za tenti zangu kwenye michai. Kila mwenye tenti za kukodisha upande wetu, ukitoka Kericho kuelekea Bomet, alifanya hivyo. Maboma mengi yako kwenye mteremko, uwanja ni mdogo, na chai imepandwa mpaka karibu na ukuta wa jikoni. Ukipiga kigingi cha chuma uwanjani unakutana na mwamba au bomba la maji, na mwenye boma anakuja kusimama nyuma yako akiuliza maji yake yatarudi lini. Mchai haumsumbui mtu. Umesimama pale tangu zamani, mfupi, mpana, na mzizi wake umeshuka chini kuliko kimo cha mtu. Nimeona wanaume wenye nguvu wakimaliza asubuhi nzima kung'oa mmoja tu. Kwa hiyo tulizungusha kamba kwenye shina, tukakaza, tukaenda kupanga viti.

Niliacha shule nikiwa darasa la saba, mama alipofariki. Baba alikuwa ametangulia. Mimi ndiye wa kwanza kuzaliwa, na nyuma yangu kulikuwa na wanne, wa mwisho bado anabebwa mgongoni. Baba alitoka Kisii akiwa kijana kuja kuchuma majani chai kwenye shamba la kampuni, na kabla ya kufa alinunua kipande cha ardhi kati ya kijito na chai ya majirani. Majirani ni Wakipsigis, watu wa hapa tangu zamani, na walimzoea polepole. Yeye na mama wamezikwa hapo. Mimi nilichuma chai ya watu, nikapika kwenye matanga, na huko kwenye matanga nikaona kwamba kitu cha kwanza kutafutwa ni mahali pa kuketi na pa kujikinga na mvua. Tulianza na viti vya plastiki. Tenti ya kwanza nguzo zake zilikuwa mbao za saipresi kutoka Londiani, na turubai lake lilishonwa na fundi wa viatu. Wadogo zangu walisoma kwa hivyo viti. Yule anayenifuata, wa kiume, alipomaliza sekondari alikataa kwenda mbali, akashika kazi na mimi, na mpaka leo tunabeba nguzo pamoja.

Kile kipande cha ardhi ndicho kitu pekee tulicho nacho ambacho mtu anaweza kukitamani. Hati yake bado ina jina la baba. Sikuwahi kufikiri kwamba tenti inaweza kutupokonya, mpaka nilipoona yaliyompata fundi wa matangi.

Huyu alikuwa jirani yetu, mtu wa kanisa letu, kazi yake kujenga minara ya kuwekea matangi ya maji. Mnara mmoja ulilegea mguu, na tangi likiwa limejaa likaangukia jikoni mwa mteja wake, mke wa mteja akiwa ndani. Yule mama alipona, lakini hakusimama wima tena. Fundi hakutoroka. Wazee walikaa, baadaye mawakili wakakaa, na walipomaliza kukaa shamba lake lilikuwa limekwisha. Alihamia kwa wakwe zake na watoto. Nikipita pale naona nyasi ya nepia ya mtu mwingine imeota mahali mlango wake ulipokuwa, na ng'ombe nisiowajua wanaila.

Bima ilinijia kwa njia nyingine. Kiwanda cha chai kilitaka tenti za mkutano wa wakulima, na karani wa pale akasema hakuna mtu wa kazi anayevuka lango bila bima ya kuumiza watu. Bima ya gari niliijua. Hii ya kuumiza watu kwa tenti sikuijua. Nikaenda na mdogo wangu Kericho mjini kwa wakala ambaye ofisi yake iko ghorofani, juu ya duka la dawa. Alikuwa mwalimu zamani, na bado alizungumza kama anayesubiri uandike.

"Mama, tuelewane," akasema. "Upepo ukipasua tenti yako, hiyo ni hasara yako. Tenti ikimwangukia mtu, huyo mtu ni wetu."

Nililipenda neno hilo. Nilimfikiria fundi wa matangi, nikatoa pesa. Halafu wakala akaweka kalamu chini na kunieleza jambo ambalo nililibeba kama jiwe tangu siku hiyo.

"Siku hiyo ikifika, usiende kwao. Usipeleke kitu, usiahidi kitu, usikae nao kuzungumza. Unipigie mimi. Ukienda, kampuni itasema umekubali makosa bila kuiuliza, na inaweza kujitoa."

Nikamuuliza hao watu watafikiri nini nisipoenda. Akajibu kwamba hilo ni shauri la mawakili.

Kwa watu wetu na kwa watu wa hapa, jambo hili halina tofauti. Ng'ombe wako akimpiga mtu pembe, unaenda siku hiyo hiyo, na maziwa kama unayo, unakaa nyumbani kwao mpaka wakupe kitu cha kunywa. Usipoenda, umesema neno baya kuliko matusi. Na kwetu sisi tulionunua ardhi katikati ya watu, uzito wake ni mara mbili. Kuna mwaka watu wa aina yetu waliambiwa waondoke. Nyumba zilichomwa ng'ambo ya kijito. Waliosimama langoni kwetu na kusema hapa hapana walikuwa watu ambao mama aliwahi kukaa kando ya vitanda vya wagonjwa wao. Nililala chini ya kitanda na wadogo zangu nikiwasikia wakibishana huko nje, na majina ya wagonjwa hao ndiyo yaliyokuwa yakitajwa.

Tulipokuwa tukishuka ngazi za wakala mdogo wangu alisema, "Kwa hivyo tumelipa ndio tukose adabu." Tulicheka mpaka stendi.

Siku hiyo ilifika kwenye mazishi, kwenye mgongo wa kilima unaotazamana na wetu. Marehemu alikuwa karani mstaafu wa kituo cha kununulia majani chai. Mama yake mzazi alikuwa bado hai, bibi mdogo wa umbo, macho makali, na mgongo mzima ulimwita kogo, ndiyo kusema nyanya. Marehemu aliacha wana wawili ambao walikuwa hawasalimiani. Baba yao aliwagawia shamba kwa mdomo tu: mkubwa achukue juu, mdogo achukue chini, na mstari mmoja wa michai katikati ndio uwe mpaka. Kila mmoja alisema mstari huo ni wake.

Tulifika siku moja kabla ili kusimamisha tenti. Uwanja ulikuwa wa mawe, na bomba la maji lilipita katikati. Yule mwana mkubwa akanionyesha mstari wa mpaka, nifunge kamba za upande wa chini hapo. Mdogo wake alikuwa amesimama mlangoni mwa stoo.

"Hiyo laini muachane nayo," akasema.

"Tenti itakaa mahali mama wa tenti anataka," mkubwa akamjibu bila kumtazama. "Ama umeanza kutupimia hata upepo?"

Waombolezaji waliokuwa wakipasua kuni wakacheka. Mdogo angeweza kusema sababu, na hakusema. Nilipoinama kufunga niliona udongo pale ni laini chini ya buti, kama shamba la viazi lililochimbuliwa. Fuko ni wengi mgongo ule. Nilivuta kamba kwa uzito wangu wote, mdogo wangu akavuta kwa wake, na mchai haukutikisika.

Siku ya mazishi asubuhi ilikuwa safi kupita kiasi. Unaweza kuona mabati ya watu wa mbali sana yaking'aa. Huku kwetu anga ya namna hiyo huwa haikai. Kufikia mahubiri hewa ilikuwa imebadilika, baridi ikaingia kwenye miguu, na majani ya miti ya bulugamu yakageuka kuonyesha upande mweupe. Halafu nikasikia mawe. Mvua ya mawe ikiwa ng'ambo inasikika kwanza kwenye mabati ya watu wengine, na unaisikia ikitembea kutoka nyumba hadi nyumba kuja kwako. Mhubiri akapandisha sauti. Watu wakasogeza viti ndani, karibu na jeneza.

Upepo uliingia kwa chini. Tenti ikajaa kama kifua, pembe ya chini ikanyanyuka, na nikaona kitu ambacho sijawahi kukiona kabla wala baada: mchai mzima ukitoka ardhini, ukining'inia kwenye kamba, udongo ukimwagika, ukizunguka juu ya vichwa vya watu. Nguzo ikaufuata. Waliokuwa wamesimama waliruka. Kogo alikuwa ameketi kiti cha mbele, mkono wake uko juu ya jeneza la mwanawe, na hakuona kinachokuja.

Alianguka bila kulia. Nguzo ilikuwa imempata kwenye nyonga. Nyuma yangu mwanamke mmoja akasema polepole, kama anayezungumza na nafsi yake, "Imekuja kuchukua wa pili." Hakuna aliyemkanya.

Walimbeba na ile pikapu iliyoleta jeneza. Jeneza likabaki likipigwa na mawe mpaka wanaume walipolifunika kwa turubai langu lililochanika, na wakamzika yule mzee haraka, mhubiri akisoma huku amejifunika kichwa kwa kiti cha plastiki. Mimi na mdogo wangu tulikuwa upande wa chini tukishika kilichobaki. Akauinua ule mchai kunionyesha. Mizizi ya pembeni yote ilikuwa imekatwa kwa panga, sawasawa, na mikato ilikuwa imeshaanza kuwa myeusi. Ulikuwa umebaki mzizi mmoja wa katikati, na huo ndio ulivunjika. Mtu alikuwa ameanza kuung'oa mpaka kimyakimya, mchai baada ya mchai, akirudisha udongo ili isionekane, na kifo cha mzee kikamkuta hajamaliza.

Yule mwana mdogo alitokea kwenye mvua, akaushika.

"Hii ni yetu," akasema, akauchukua mkononi mwa mdogo wangu na kuondoka nao.

Kesho yake tulirudi kukusanya vyuma. Mchai ulikuwa umerudishwa kwenye shimo lake, na udongo umekanyagwa vizuri kwa miguu. Mvua ya mawe ilikuwa imekwangua mgongo wote, hakuna jani lililobaki kwenye kijiti. Mchai uliokufa na mchai mzima ilifanana kabisa.

Nilikuwa nimempigia wakala jioni ile ile ya mazishi. Aliuliza kama yule mama yuko hai, nikasema yuko hai, wanasema nyonga imevunjika. Akauliza kamba niliifunga wapi.

"Kwa chai."

"Mama, umefunga tenti kwa chai?"

"Kila mtu hufunga kwa chai."

"Kila mtu hana bima," akasema. Kisha akarudia yale ya siku ile: nisiende.

Nikakaa. Nilikuwa na wadogo wanne, wengine na watoto wao, na wote wakisema nyumbani walikuwa na maana ya mahali pamoja tu. Nilijiambia hilo kila asubuhi, na kila asubuhi niliuona mgongo wa ng'ambo umesimama pale bila jani. Kogo alitiwa chuma hospitalini, akarudishwa kwake, na habari hizo nilizipata sokoni kutoka kwa watu waliokuwa wakizungumza na mtu mwingine.

Hakuna aliyenitukana. Simu za kuagiza tenti zilipungua, kisha zikakatika. Kwenye stendi ya pikipiki vijana walikuwa wakinitania kila siku kuhusu buti zangu. Sasa nikipita waligeuka kurekebisha vioo vyao. Kitu kilichonitia hofu zaidi kilifanywa na jirani yangu wa karibu kabisa, mama tuliyeazimana naye vitu tangu tukiwa wasichana. Alikuja mchana akiwa amebeba sufuria yangu, ungo wangu, na jembe ambalo hata mimi nilikuwa nimelisahau. Akavipanga vyote mlangoni. Nikamuuliza mbona anarudisha vyote kwa mara moja. Akasema alikuwa anapanga nyumba. Ule mwaka wa moto, nakumbuka mama akirudishiwa vyombo namna hiyo, siku chache kabla.

Halafu akaja yule mwana mdogo wa marehemu. Alisimamisha pikipiki nje ya lango na hakushuka. Alitazama shamba letu kutoka juu mpaka chini, bila haraka, kama mnunuzi anavyomtazama ng'ombe.

"Hiki kijito hukauka?" akauliza.

"Hapana."

"Mzuri." Akawasha pikipiki. "Kogo anauliza kama mlihama."

Jioni hiyo mimi na mdogo wangu tulikosana kama hatujawahi kukosana. Yeye alitaka tumpigie wakala, tumwambie habari ya mizizi. Alisema kampuni ya bima ina nguvu kuliko sisi, imfuate aliyekata, imshike yeye na sehemu yake ya shamba, sisi tulale. Nikamwambia yule kijana akipokonywa sehemu yake atabaki hapo juu akitutazama, akiwa hana kitu cha kupoteza. Na kogo atakufa akijua ameumizwa na mjukuu aliyemlea.

"Na tukipoteza sisi?" akasema. "Baba na mama tutawachimbua tuwapeleke wapi?"

Nilimwambia asubuhi achukue mtungi wa maziwa twende. Akaenda kuuosha.

Njia ya kwenda kule inashuka kwenye kijito na kupanda katikati ya chai, na kwa sababu chai ilikuwa imekwanguliwa, watu wa migongo yote miwili walituona tukienda, hatua kwa hatua. Mwana mkubwa alitupokea mlangoni bila kutushika mkono, akatuingiza chumbani. Kogo alikuwa amelala amefunikwa blanketi la mistari. Alikuwa amekonda, lakini macho yalikuwa yale yale. Mwana mdogo alikuja akaegemea mwimo wa mlango, na mwanga ukapungua chumbani.

"Umechelewa," kogo akasema.

"Nimechelewa, kogo."

"Nani alikushika?"

"Bima."

Akauliza bima ni nini. Mwana mkubwa akamweleza kwa Kikipsigis, na baadaye alinitafsiria alivyosema: ni watu unaowalipa wasimame kati yako na mtu uliyemuumiza. Kogo akacheka kidogo, akashika nyonga kwa maumivu.

"Sasa hao ndio wangeniletea maziwa?"

Hata mdogo wangu alicheka. Halafu kogo akauliza lile nililokuwa nikiliogopa.

"Hiyo kamba ulifunga wapi?"

"Kwa chai ya mpaka."

Hakunitazama mimi. Alitazama mlangoni, kwa mjukuu wake mdogo.

"Chai ya mpaka iko na nguvu," akasema. "Mimi nilipanda hiyo na bwana yangu. Hakuna upepo iliwahi kuitoa." Kisha akanigeukia. "Uko na kitu kingine unataka kusema?"

Nilisikia pumzi ya mdogo wangu kando yangu. Neno moja lingetosha. Mwana mkubwa alikuwa hapo, angelisikia, na kabla ya jua kuzama mgongo wote ungejua ni nani wa kudaiwa. Nikaona kwamba kogo anajua, na kwamba ananiuliza mbele yao wote ili aone nitafanya nini.

"Hapana, kogo. Nimekuja kukuona."

"Basi mkunywe chai."

Tukaletewa chai, tukanywa. Tulipoaga alinishika kifundo cha mkono kwa nguvu ambayo sikuitarajia. "Nikienda," akasema, "tenti ikuwe yako. Sitaki ya mtu mwingine." Ni maneno ambayo wazee husema na watu hucheka. Chumbani mle hakuna aliyecheka.

Siku iliyofuata jirani alikuja kuazima jembe.

Wakala aliponiuliza kama nilienda, nilimwambia nilienda. Alishusha pumzi. "Umenifunga mikono, mama. Kama binadamu nakuelewa. Kama wakala, umenifunga mikono." Baadaye kampuni ilimtuma mtu na kamera, amevaa viatu vya mjini, akapiga picha za mstari wa mpaka ukiwa hauna jani kama mingine. Alinihoji nilichosema kwa kogo, nami nikamjibu. Hakuuliza habari ya mizizi, na mimi sikumwambia. Jibu likaja kupitia kwa wakala: kampuni haikatai wala haikubali mpaka mtu adai. Mtu akidai, watakuwa na maneno kuhusu kwenda kwangu, na maneno mengine kuhusu chai.

"Na akifa?" nikamuuliza.

"Akifa kwa sababu ya hiyo nyonga, hiyo ni kesi ingine. Kubwa. Muombee huyo mama maisha."

Nikamwombea kila siku, na nilipokuwa nimepiga magoti sikujua kama namwombea yeye au naliombea shamba.

Mvua ziliendelea, na mgongo wa ng'ambo ukaanza kupona. Kwanza ukawa na rangi ya njano, kisha kijani, kisha wachumaji wakarudi na vikapu vyao. Mstari wa mpaka haukuchipua. Mchai mmoja baada ya mwingine ulibadilika kuwa rangi ya kutu, na ilipofika wakati chai yote imefunga majani vizuri, ule mstari ulionekana kutoka barabarani, kutoka sokoni, kutoka kwenye mlango wangu, umeshuka mgongo mzima kutoka juu mpaka chini. Kila mtu anayejua chai alielewa alichokuwa akiona. Mvua ya mawe haiui michai mstari mmoja ikaacha ya kulia na ya kushoto. Watu waliutazama, wakatazamana, na sikumsikia hata mmoja akiutaja. Yule mwana mdogo aliacha kushuka sokoni. Pikipiki yake niliisikia mara nyingi ikipita juu ya kwetu jioni, ikipunguza mwendo langoni, halafu ikiendelea.

Kogo alitembea kidogo kwa kushikilia kile chuma cha miguu minne cha kutembelea. Kiangazi kilipoingia alirudi kitandani, kifua kikambana, akafariki. Mwana mkubwa ndiye aliyenipigia. "Kogo alisema tenti ni yako," akasema, na hakuongeza neno.

Baada ya hapo akapiga wakala. Sijui alisikia wapi.

"Alikufa na nini?"

"Sijui."

"Hospitali imesema nini?"

"Sijui."

"Basi sikiliza vile familia itasema mbele ya watu," akasema. "Mawakili huanza hapo."

Tulienda na vigingi vya chuma virefu, tulivyochongewa na mchomeleaji wa Kericho. Mwana mkubwa alikuwa amefunga maji mwenyewe na kuhamisha bomba. Tulipiga nyundo mpaka viganja vikachubuka. Mwana mdogo alisimama kando akiwa amevaa koti la baba yake, mikono mfukoni, akivitazama vigingi vikiingia ardhini. Mstari wake mkavu ulikuwa nyuma yake. Alikuja karibu mara moja tu, akakanyaga kichwa cha kigingi kimoja kukijaribu, akarudi alipokuwa.

Nikaambiwa kwamba yeye ndiye atakayesoma historia ya kogo, kwa sababu ndiye aliyelelewa naye. Nikaambiwa pia kwamba usiku wa kuamkia siku hiyo watu wa boma walibishana juu ya sentensi moja, na kwamba hawakumaliza. Aliyeniambia alikuwa jirani yangu wa jembe. Hakuniambia ni sentensi gani, wala sikuhitaji kuambiwa.

Siku ya mazishi nilisimama kwenye pembe ya chini, mahali pale pale, mkono wangu uko kwenye kamba. Mdogo wangu alikuwa pembe ya pili. Kulikuwa na joto la mwisho wa kiangazi, vumbi, na juu ya Londiani wingu la kwanza la msimu, jeusi kwa chini. Yule kijana alisoma kogo alizaliwa wapi, aliolewa lini, alizaa wangapi, alivyopanda chai na bwana yake wakati watu wa mgongo huo walikuwa bado wanaicheka chai. Alisoma vizuri, bila kukwama. Alipofika kwenye ugonjwa akakwama.

Watu walisubiri. Mwana mkubwa alikuwa ameinamisha kichwa. Upepo mdogo ulipita chini ya turubai, turubai likapumua, na nyuso kadhaa zikatazama juu.

"Aliumia hapa nyumbani," akasema, "siku tulizika baba. Aliumia kwa mambo yetu wenyewe, ya hii boma."

Kisha akaendelea na majina ya wajukuu.

Hakuna aliyegeuka kunitazama. Hata mdogo wangu hakugeuka. Yule kijana alipomaliza alishuka akapita karibu nami kwenda kukaa nyuma, na alipokuwa sawa na bega langu akatazama mkono wangu uliokuwa kwenye kamba.

"Shikilia," akasema.

Sikujua kama ni tisho au ni msaada, na sijajua mpaka leo. Bima bado naikata kila mwaka, kwa sababu kiwanda bado kinaitaka. Shamba liko, na hati yake bado ina jina la baba. Lakini wakati ule, nikiwa nimesimama pale, nilisikia kutoka mgongo wa pili mabati ya watu yakianza kulia, nyumba moja, kisha nyumba nyingine, yakija upande wetu. Mhubiri akapandisha sauti. Nikaweka na mkono wa pili kwenye kamba, na nikamwona mdogo wangu kwenye pembe yake anafanya hivyo hivyo.